Ndizi katika Lishe ya Kijana Anayekua

Husimuliwa kwamba mwenyeji wa Bukoba aweza kulishwa wali na nyama akashiba kabisa, kisha akiulizwa kama amekula hujibu kwamba bado. Hajala, kwa sababu hajaona ndizi. Huo ni mzaha, lakini una ukweli ndani yake. Katika Kagera, katika vihamba vya Kilimanjaro na katika milima ya Rungwe, kama ilivyo pia katika Buganda na sehemu nyingi za Rwanda na Burundi, ndizi si tunda la kuburudisha kinywa baada ya chakula, bali ndicho chakula chenyewe. Watu wa nyanda zinazolizunguka Ziwa Viktoria ni miongoni mwa walaji wakubwa wa ndizi kuliko wote duniani.

Huko mijini nako ndizi mbivu imepata sifa ya namna nyingine. Kijana aendaye kwenye mashindano ya mbio huambiwa ale ndizi ili misuli isimbane. Mcheza mpira hupewa ndizi wakati wa mapumziko. Na wachezaji mashuhuri wa tenisi wameonekana mara nyingi wakimenya ndizi kiwanjani mbele ya macho ya ulimwengu. Sifa hizi zina msingi, ingawa si zote. Makala haya yanakusudia kueleza ni kitu gani hasa ambacho ndizi humpa kijana mwenye shughuli nyingi, yaani yule aendaye shule kwa miguu, achotaye maji, alimaye na kucheza, na ni kitu gani ambacho haiwezi kumpa hata akila mkungu mzima. Swali hili la pili ndilo lililotusukuma kuandika. Kijana aliyejaza tumbo kwa ndizi huonekana ameshiba, naye mwenyewe hujiona ameshiba. Upungufu uliomo mwilini mwake hauonekani kwa macho mpaka miaka mingi imekwisha kupita.

Yaliyomo ndani ya ganda

Tuchukue ndizi mbivu moja ya kadiri, ambayo baada ya kumenywa ina uzito wa gramu 118 hivi. Robo tatu ya uzito huo ni maji. Katika sehemu iliyosalia, vitu vilivyo vingi ni sukari na wanga, jumla yake gramu 27, ambavyo humpa mlaji karibu kalori zote 105 zipatikanazo katika ndizi hiyo. Protini ni gramu 1.3 tu. Mafuta hayafiki hata nusu gramu. Zimo nyuzinyuzi gramu 3, vitamini C miligramu 10, magnesiamu kidogo, na vitamini B6 ya kuridhisha, ambayo mwili huihitaji katika kazi ya kuzivunja na kuzijenga upya protini. Mwisho kuna potasiamu, miligramu 420 hivi.

Potasiamu ndiyo iliyoipatia ndizi jina kubwa. Madini haya hukaa ndani ya chembe hai za mwili, na kwa kushirikiana na sodiamu ya chumvi iliyo nje ya chembe hizo, huiwezesha mishipa ya fahamu kupeleka habari, na misuli, pamoja na moyo, kujikunja na kujikunjua. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 za potasiamu kwa siku. Kwa hesabu hiyo ndizi moja ni sehemu ya nane tu ya hitaji la siku nzima. Lakini mlaji wa ndizi za kupika, ambaye humaliza kilo moja au zaidi kila siku, hana haja ya kuhangaika, maana kilo moja ya ndizi zilizomenywa hukaribia au hupita kiwango hicho chote kabla ya kupikwa.

Twasema kabla ya kupikwa kwa sababu potasiamu huyeyuka katika maji. Ndizi zikikatwakatwa, zikachemshwa katika maji mengi, kisha maji yale yakamwagwa, sehemu ya madini huenda nayo. Mpishi wa mtori, ambaye huponda ndizi pamoja na mchuzi wake katika chungu kimoja, hapotezi kitu. Wala hapotezi mengi yule azifungaye ndizi katika majani ya mgomba na kuziivisha kwa mvuke, kama wafanyavyo Waganda.

Wanga ugeukao sukari

Ni vyakula vichache vinavyobadilika ndani yake waziwazi kama ndizi. Ndizi iliyokomaa ikiwa bado ya kijani ina wanga mwingi sana: ukikausha nyama yake, kati ya asilimia 70 na 80 ya uzito uliobaki ni wanga. Ndizi iyo hiyo ikiiva kabisa, karibu wanga wote umetoweka na mahali pake pamechukuliwa na sukari za namna tatu, nazo ni sukrosi, glukosi na fruktosi. Kinachoanzisha mageuzi hayo ni hewa iitwayo ethilini, ambayo ndizi yenyewe huitoa inapofikia kuiva. Hewa hiyo ikianza kutoka katika ndizi moja, huziamsha na jirani zake katika chane, na ndiyo sababu mkungu ukishaanza kuiva haungoji mtu.

Bibi zetu hawakupata kulisikia jina la ethilini, lakini walijua kuvundika ndizi shimoni, wakizifunika kwa majani na pengine kuzipitishia moshi. Moshi una ethilini kidogo. Shimo huizuia hewa hiyo isipotee na papo hapo huhifadhi joto. Kanuni ni ile ile inayotumika katika maghala makubwa ya ng'ambo, ambako ndizi hushushwa melini zikiwa za kijani na kuivishwa kwa hewa inayopimwa. Msomaji aweza kujaribu jambo hili nyumbani. Aweke ndizi mbili zilizokomaa katika mfuko pamoja na moja iliyokwisha kuiva, nyingine mbili za chane hiyo hiyo aziache wazi mezani, kisha ahesabu siku.

Kwa kijana mwenye kazi mageuzi haya yana maana kubwa. Sukari ya ndizi mbivu iko tayari, nayo huingia katika damu upesi. Wanga wa ndizi iliyopikwa lazima kwanza uvunjwevunjwe na vimeng'enya vya mate na vya utumbo, na kwa hiyo nguvu yake huja taratibu zaidi. Ndizi ya kijani isiyopikwa ni karibu kama haina chakula, kwa kuwa punje za wanga wake ni ngumu na sehemu kubwa hupita utumboni bila kumeng'enywa. Hata kiporo kina tabia yake: ndizi zilizopikwa zikilala zikapoa, sehemu ya wanga hujikaza tena, ikateremka hadi katika utumbo mpana na kuliwa na bakteria waishio humo. Kwa mtu mzima aliyenenepa kupita kiasi hilo ni jambo jema. Kwa kijana mwembamba anayehitaji kila kalori si jambo la kulitafuta, ingawa halimdhuru.

Kiwanjani

Misuli na ini huweka akiba ya sukari iitwayo glikojeni. Akiba ya mtu mzima aliyekula vizuri ni gramu 400 hadi 500 hivi, nayo hutosha kazi nzito ya muda wa saa moja na nusu au mbili. Ikiisha, miguu huwa mizito kana kwamba imefungiwa mawe, na akili nayo huchoka, kwa sababu ubongo hutegemea sukari iyo hiyo. Kazi ikizidi muda wa saa moja, inafaa kujipatia gramu 30 hadi 60 za sukari kwa kila saa, na ndizi mbili za kadiri hutoa gramu 54.

Mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Appalachian State nchini Marekani, wakiongozwa na David Nieman, walichapisha jaribio walilowafanyia waendesha baiskeli 14 waliozoea mashindano. Kila mmoja aliendesha kilomita 75 mara mbili, kwa siku mbalimbali. Mara moja alikula ndizi na kunywa maji kila baada ya robo saa, na mara nyingine alikunywa kinywaji cha sukari cha wanariadha kiuzwacho madukani, chenye wanga na sukari kwa kadiri ile ile. Hapakuwa na tofauti ya maana katika mwendo wao. Ni haki msomaji ajue pia kwamba gharama za utafiti huo zilitolewa na kampuni ya biashara ya matunda, na kwamba watu 14 ni wachache. Hata hivyo matokeo yake yanalingana na yale yanayojulikana juu ya sukari na misuli, nasi twaona kwamba kijana mwenye fedha kidogo hana sababu ya kuziacha ndizi za sokoni ili anunue chupa ya rangi.

Sifa ya kuzuia misuli isibane ndiyo isiyo na msingi imara. Jasho hutoa sodiamu nyingi zaidi kuliko potasiamu, na ndizi karibu haina sodiamu. Zaidi ya hayo, ndizi inayoliwa wakati msuli umekwisha kubana hufika imechelewa: watu waliopimwa damu baada ya kula ndizi walionekana kuongezeka potasiamu kidogo tu, na hata hiyo ilichukua karibu saa nzima. Mchezaji aliyebanwa anyooshwe msuli, apumzike na anywe maji. Ndizi aile kwa kuwa ana njaa.

Mahali ndizi inapoishia

Hadi hapa tumezungumza juu ya nguvu. Lakini kijana si mashine ya kukimbia tu, bali pia ni jengo ambalo bado halijakwisha. Kati ya umri wa miaka 10 na 18 mifupa hurefuka, misuli hunenepa, damu huongezeka, na msichana huanza kupoteza damu kila mwezi. Tangu kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 Watanzania wengi wamefundishwa kuvigawa vyakula katika makundi ya kutia nguvu, kujenga mwili na kulinda mwili. Ndizi ni ya kundi la kwanza. Katika kulinda husaidia kidogo. Katika kujenga ni dhaifu sana.

Udhaifu huo huonekana wazi tukivilinganisha vyakula kwa nguvu wanazotoa badala ya uzito wao, maana tumbo la mtu hukoma kudai mara nguvu zinapotosha. Tuseme mtu anapata kalori 1,000 kutoka katika chakula kimoja tu. Akizipata kwa maharage, atapata pia protini karibu gramu 70. Kwa unga wa mahindi usiokobolewa atapata kama gramu 22. Kwa ndizi atapata gramu 10 hadi 12. Kwa muhogo hazifiki gramu 10. Kijana wa miaka 15 mwenye uzito wa kilo 50 huhitaji protini gramu 45 hivi kwa siku na kalori zinazokaribia 3,000. Akila kilo moja na nusu ya ndizi za kupika, kipimo ambacho kwa mtu wa Kagera si cha ajabu, hupata kalori 1,800 hivi, lakini protini ni gramu 20 tu au pungufu. Tumbo lake limejaa, lakini mjenzi wa mwili amepewa nusu ya matofali.

Kwa upande wa madini ya chuma, yatengenezayo damu, hali ni mbaya zaidi. Wataalamu wa Marekani hukadiria kwamba msichana wa miaka 14 hadi 18 huhitaji miligramu 15 kwa siku, na mvulana 11. Ndizi mbivu moja ina miligramu 0.3. Msichana anayetaka kutimiza hitaji lake kwa ndizi angelazimika kula karibu 50 kwa siku.

Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika watoto wa chini ya miaka mitano, asilimia 34 walikuwa wamedumaa, yaani urefu wao ulikuwa mfupi mno kwa umri wao. Kagera, mkoa wa mvua ya kutosha na migomba isiyokauka, ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyopita asilimia 40. Tusiitwike ndizi mzigo wote, kwa maana Rukwa, nchi ya mahindi, ilikuwa na idadi kubwa zaidi, na udumavu huletwa pia na maradhi, maji machafu na umaskini. Lakini msomaji na akumbuke kwamba watoto waliopimwa wakati ule ndio vijana wanaokaa madarasani leo. Urefu uliopotea utotoni haurudi wote, ila damu, misuli na uwezo wa kufanya kazi bado vyaweza kujengwa katika miaka hii ya ujana.

Kitoweo kilichopungua

Wazee hawakula ndizi peke yake. Wachaga wana kiburu, ambacho ni ndizi na maharage vilivyopikwa pamoja, na mtori wao huanza na nyama. Wahaya hupika ndizi na maharage, au huzila pamoja na samaki wa ziwani, na msimu wa senene ukifika kila mtu hushughulika, mdudu huyo akiwa na protini ambayo baada ya kukaushwa haipungui theluthi moja ya uzito wake. Kibanja chenyewe kilipangwa hivyo: ng'ombe walitoa maziwa na samadi, samadi iliilisha migomba, na maharage yalipandwa chini ya migomba hiyo hiyo. Mtu aliyeondoa kimojawapo aliviharibu vyote.

Nao mpango huo umelegea. Ardhi imegawanywa kwa warithi mpaka vibanja vimekuwa vidogo, ng'ombe wamepungua, na pamoja nao samadi na maziwa. Kisha ukaja ugonjwa wa mnyauko uletwao na bakteria, ambao uligunduliwa Uganda mwaka 2001 na miaka michache baadaye ukaingia Kagera kupitia Muleba, ukaangamiza mashamba mazima ya migomba. Wako waliogeukia muhogo. Huo huvumilia ukame na udongo uliochoka, lakini kama tulivyoona katika hesabu yetu, una protini chache kuliko hata ndizi. Kwa hiyo mahali palipokuwa na ndizi, maharage na maziwa, sahani ya kijana mara nyingi imebaki na chakula cha kushibisha peke yake, pengine na mchuzi wa nyanya juu.

Kuirudisha sahani ya zamani si jambo la gharama kubwa. Kijana wetu wa kilo moja na nusu ya ndizi akiongezewa gramu 300 za maharage yaliyochemshwa, ambazo hujaza kama vikombe viwili vidogo, amepata protini gramu 26 zaidi na kutimiza hitaji lake, pamoja na chuma miligramu 6 au zaidi. Gramu 50 za dagaa wakavu zaweza kufanya kazi ya protini hiyo, na kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa, huleta kalsiamu ambayo ndizi karibu haina kabisa. Kikombe cha maziwa huleta protini gramu 8. Katika vituo vya mabasi vijana huuza ndizi mbivu na karanga, na kwa maoni yetu hakuna chakula cha njiani kilicho bora kuliko hicho kwa bei yake: ndizi mbili na kiganja cha karanga ni kalori 380 hivi na protini gramu 10. Mchezaji akila hivyo baada ya mchezo, wakati misuli inajaza upesi akiba yake ya glikojeni, anatengeneza na kujenga kwa pamoja. Kabla ya mchezo karanga zifaa kuachwa, kwa sababu mafuta yake hukawia tumboni. Ndizi moja au mbili, saa moja kabla ya kuanza, zatosha.

Neno moja juu ya aina za ndizi. Zile ambazo nyama yake huelekea rangi ya manjano iliyokolea, kama mzuzu na mkono wa tembo, zina viini vya vitamini A vingi kuliko zile nyeupe, na penye nafasi ya kuchagua zipewe heshima, hasa zikipikwa na nazi au mafuta kidogo, ambayo husaidia vitamini hiyo kuingia mwilini.

Katika nyumba nyingi kitoweo hugawiwa kwa umri na kwa cheo, na msichana, ambaye mara nyingi ndiye mpishi, hula mwishoni yaliyobaki chunguni. Aghalabu yaliyobaki ni ndizi. Kwa hesabu ya chuma tuliyoitoa hapo juu, yeye ndiye angestahili kupakuliwa maharage kwanza. Akiyala pamoja na chungwa au pera, vitamini C ya tunda hilo itamsaidia kukifyonza chuma kile. Chai nayo aingoje saa moja baada ya chakula, kwa sababu ukali ulio katika majani yake hukikamata chuma cha maharage na kukitoa nje kabla hakijafika katika damu.